Nahodha wa Vikombe Kumi na Tisa

Mutrah, Maskati

Kwako Baba mpendwa,

Pokea salamu za bintiyo. Goti lako laendeleaje? Na Mama, bado anakuficha chumvi? Mimi ni mzima, joto tu ndilo linalotutesa.

Leo nakuandikia nikijivuna, Baba, univumilie. Nyumba yetu ya wageni, ile aliyoifungua Mwingereza zamani akatundika mlangoni kibao cha bata mwekundu kama walivyozoea kwao, itaingia kwenye kitabu cha majengo ya kale. Jumatatu alikuja mwandishi wake, dada aitwaye Shatha. Mwenye nyumba, Bi Mahfoudha, aliniita mimi nimtembeze, akasema hakuna aijuaye nyumba hii kunishinda. Hebu fikiria! Mimi niliyeajiriwa kutandika vitanda!

Nilimwonyesha boriti zilizotoka kwenye meli iliyovunjwa, na chumba cha juu ambamo wageni huapa kwamba wamemsikia bata akitembea darini. Akaandika yote. Kisha akauliza habari za yule nahodha Mwingereza ninayewasimulia wageni, niliyekuandikia hata wewe, aliyekunywa vikombe kumi na tisa vya kahawa, asilale siku tatu.

Nilikukumbuka wewe, mwalimu wa historia miaka thelathini, uliyeniandikia kwamba kisa hicho umemsimulia hata mchungaji. Nisamehe, Baba. Nahodha hakuwapo. Nilimbuni kuficha aibu yangu. Siku yangu ya kwanza hapa Bi Mahfoudha alinikaribisha kahawa. Huku mgeni akitosheka hutikisa kikombe, la sivyo mwenyeji huendelea kumimina. Mimi sikujua, na ulinilea nisikatae cha mkubwa. Akamimina, nikanywa, akamimina, nikanywa, mpaka kwenye kikombe cha kumi na tisa mkono ukatetemeka wenyewe na kikombe kikatikisika. Ndipo akaacha.

Nilimwambia Shatha ukweli wote, huku nikiona nyumba inakosa kitabu na mimi nakosa kazi. Bi Mahfoudha akacheka hadi akajifuta machozi. “Mie nnamjua nahodha huyo tangu zamani,” alisema, “nlikuwa nangoja aseme mwenyewe.” Akaagiza nahodha afutwe, niandikwe mimi.

Huku mtu huandikwa kwa jina la babake, kwa hiyo nimeingia kitabuni kama Wilkister binti Elijah. Mwambie mchungaji kwamba nahodha wake ni mwanamke, na babake ni wewe.

Nisalimie Mama na wote wa nyumbani.

Ni mimi bintiyo,
Wilkister