Mashine Zilizoamka Miaka ya Nyuma

Kaka Gaspar,

Shikamoo. Marahaba naijaza mwenyewe, maana hukuwahi kuchelewa kuitikia na sitaki uanze leo.

Nikuambie kwanza: bonde hili lote, kutoka Mlimba mpaka huku kwetu Kibaoni, hakuna mtu mwenye bahati kama mimi Teo. Shule niliachia kidato cha pili, lakini nimefika Tunduma, nimefika Kapiri kule Zambia, na kompyuta zinaniogopa. Mafundi wengine wameachwa na walimu wao njiani, wanahangaika. Mimi wangu aliondoka akiwa amenimaliza. Kanifundisha kila kitu, hakubakisha hata tone.

Basi sikia yaliyotokea huku.

Ulipoletwa kutoka hospitali Morogoro, tukakulaza nyumbani kungoja kuzikwa, ushirika ulisimamisha kila kitu. Kinu cha mpunga kikanyamaza, hakuna aliyeshika jembe, unajua mwenyewe tunavyofanya. Lakini kwenye kile chumba nyuma ya kinu, seva zako tatu, zinazotunza kumbukumbu za kijiji kizima, ziliendelea kuunguruma kama hazijasikia habari. Mwenyekiti wetu, Mzee Kalisto, akaja na kofia mkononi. "Teo, mtu hajazikwa, hizi zinapiga kelele za nini? Zizime mpaka tumzike."

Nikaona ni heshima. Nilivua hata viatu, kaka. Nikazizima zote tatu.

Zahanati walirudi kwenye madaftari siku zile za msiba na hakuna aliyelalamika. Tulikuzika vizuri. Watu walijaa mpaka barabarani, na kwaya ilikosea ubeti ule ule inaoukosea siku zote. Nilitaka kukugeukia tucheke, nikakumbuka uko wapi.

Msiba ulipokwisha nikaenda kuziwasha. Feni zikavuma, taa zikawaka, nikatoka mlangoni nikawatangazia watu, kwa lile jina ulilozipa zote tatu kwa pamoja, "Wingu letu hilo, limerudi."

Halikurudi.

Ulikuwa unaniambia, "Usizione mashine tatu, Teo, ona kikao cha watu watatu." Na ndani ya kikao hicho zinaishi mashine nyingine zisizoshikika: ya zahanati, ya shule, ya ushirika. Mmoja akianguka, wawili wanabeba mzigo wake, na huko zahanati hakuna anayejua kama kuna mtu kaanguka. Wawili wakikubaliana, kikao kinaendelea. Sasa kila mmoja alikaa peke yake anaita wenzake, na wenzake wanaita, na hawakubaliani. Akidi haikutimia. Nimezunguka dunia, lakini sijawahi kuona mashine zikinuniana namna ile.

Sista Prisila wa zahanati alinipitia kila asubuhi. Kadi za kliniki za watoto wote wa kijiji cha Michenga zilikuwa humo, na makaratasi yake, unakumbuka, yalioza kwenye mafuriko yale. Hakujua tena nani kachanjwa nini. "Teo, watoto wangu wameamka?"

"Wanajinyoosha, Sista."

Wapi. Mzee Kalisto akaanza kusema wataletwa vijana kutoka Dar, wafute kila kitu, waanze upya. Wafute. Kazi yako yote, na watoto wa watu humo ndani.

Siku hiyo mchana shemeji Gaudensia akaniletea uji. Tangu tukuzike alikuwa hajakanyaga chumba kile. Alisimama nyuma yangu akikitazama kioo, halafu akasema polepole, "Shemeji, mbona hii inasema mwaka ambao Gaspar alikuwa hajaniletea hata barua ya posa?"

Nikatazama. Kweli. Nikahamia ya pili: hiyo ilikuwa nyuma zaidi, wewe labda bado unavaa kaptula ya shule. Ya tatu peke yake ndiyo ilikuwa leo.

Hapo nikaelewa. Vile vibetri bapa vinavyotunza saa, vya hizo mbili, vilikufa zamani, nasi hatukujua kwa sababu mashine hazikuwahi kuzimwa. Zilipoamka, hizo mbili kila moja ikashika tarehe yake ya kiwandani. Zitakubaliana vipi, wakati kila moja inaishi mwaka wake? Na ile mashine ya kuzitajia saa, kaka, uliiweka ndani ya wingu lenyewe. Wingu haliamki bila saa, na saa imelala ndani ya wingu. Hapo ulichemsha. Nakuambia kwa upendo.

Nilimkimbilia fundi saa wa sokoni, akanipa betri. Nikazibadilisha, nikakaa kuandika tarehe kwa mkono, nikiisoma kwenye simu. Kuandika ni kazi ndogo. Lakini vidole vilikataa. Nilielewa kitu, na sijui kama shule ya juu wanakifundisha: ndani ya mashine zile mbili ulikuwa hujafa. Kwao hujaugua, hujapanda gari la Morogoro. Mahali pekee katika dunia hii ulipokuwa mzima ni mle, kwenye mabati yanayovuma, na mimi ndiye wa kuyapasha habari.

Shemeji aliona. Akaniambia, "Andika. Watoto wa watu wanasubiri."

Nikaandika.

Kaka, ungeona. Mashine ya kwanza ikaita, ya tatu ikaitika. Ya pili ikaingia kikaoni. Halafu zikaanza kuhesabu mali yako, kipande kwa kipande, kila kipande zikikilinganisha nakala kwa nakala, na hakuna aliyezigusa. Mimi mikono ilikuwa mapajani. Ya shule ikaamka. Ya ushirika. Ya zahanati ikaja mwisho, na majina ya watoto yakashuka kwenye kioo kama mvua ya masika inavyoshuka kutoka milimani Udzungwa, tunaisikia kabla haijatufikia. Ulikuwa umekufa na bado unafanya kazi mbele ya macho yangu. Shemeji alipiga ishara ya msalaba. Mimi msemaji nilimpigia simu Sista Prisila nikaishia kutamka jina lake. Akasema tu, "Nimeelewa, Teo. Nakuja."

Nakuahidi haya. Saa nitaitoa nje ya wingu, ikae kwenye kisanduku chake. Nikifa mimi, seva zisizimwe, hata maaskofu wakija kunizika. Na uji wa shemeji nitaunywa wote, hata usio na sukari, ili asikose mtu wa kumpikia.

Pumzika, kaka. Huku zinavuma vizuri.

Na ile bahati niliyojisifia si kweli. Ulikuwa hujamaliza kunifundisha.

Teo