Umri wa Rani, Farasi wa Harusi

Mpendwa Bi Haika,

Kwa huzuni na heshima zote zinazostahili, natangaza kwamba Rani, farasi jike mweupe wa Ilford na vitongoji vyake, ana umri wa miaka kumi na mitatu. Naomba msaada wako, kwa sababu Jumamosi hii anatakiwa awe na thelathini na kitu.

Mimi ni Mtanzania niliye huku ughaibuni, nina miaka arobaini na moja, namfanyia kazi Mzee Gurdial, Singasinga wa Nakuru anayekodisha farasi kwa harusi za Wahindi, bwana harusi anapanda, ndugu wanacheza mbele na ngoma, basi la abiria linasubiri nyuma, na mimi ndiye ninayeshika hatamu na kutabasamu, sasa kuna mama mmoja, nitamwita Alka, kazaliwa Arusha, mumewe alifariki mwaka juzi, na neno lake ni moja tu, kwamba mwanawe Hemal aende kuoa juu ya farasi yule yule aliyemleta baba yake mwaka tisini na nane, na Mzee alipoulizwa akajibu bila kupepesa macho, "Dada Alka, Rani ni yule yule," kumbe Rani huyu ni wa tatu, wote walirithishana jina kwa kuwa lilishachorwa kwenye lori.

Mama Hemal akaja bandani na picha ya harusi yake, farasi wa kwenye picha ana pengo kwenye sikio la kushoto utadhani limeng'atwa, akanigeukia, "Kaka, wewe hunifichi. Ndiye?" nami, Bi Haika, nikasema ndiye, sijui kwa nini, mdomo ulitangulia, akampapasa Rani sikio lake zima la kushoto mpaka nchani, akacheka kidogo, akasema, "Mmemtunza vizuri sana."

Ningenyamaza hapo, lakini Hemal, anayeelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, anataka Rani afungwe kifaa cha kufuatilia ili ndugu wa Arusha na Leicester waone kwenye simu farasi amefika wapi, na programu yenyewe inadai namba ya chipu aliyopandikizwa Rani, ukiiingiza inatoa rangi, jinsia na mwaka wa kuzaliwa, ukoo mzima usome. Mzee kawa mkali, anasema chipu yenyewe alilazimishwa na serikali, na farasi wa harusi si kifurushi cha kufuatwa kila kona, Hemal anasema farasi wanaibwa, na anayekataa ana la kuficha, wakabishana mpaka chai ikapoa, mwisho Mzee akaninong'oneza niseme chipu imeharibika. Alhamisi natakiwa nitoe namba. Nikisema kweli nakosa kazi, na mama wa watu anampoteza mumewe mara ya pili. Nikinyamaza, simu itasema. Nifanye nini?

Mshika Hatamu, Ilford

*

Mshika Hatamu,

Pole, ingawa nusu ya pole hii naipeleka kwa farasi, anayebeba mabwana harusi na vilemba vyao na bado anasingiziwa uzee.

Kwanza niwatoe ushamba, wewe na hao wabishi wawili. Chipu haimfuati farasi popote. Ni punje ndogo shingoni, ikipitishiwa skana inatoa namba, na namba inasema huyu ni nani na ni wa nani. Farasi akiibwa, au akitupwa kando ya barabara na mtu asiyemtaka tena, ndiyo itakayoonyesha kwao ni wapi. Sheria imeilazimisha, na mimi naona ni sawa. Kifaa cha kufuatilia ni jambo jingine kabisa. Hicho ni hiari ya mwenye farasi, na Mzee Gurdial ana haki ya kukataa mashemeji wa Leicester wasimchungulie farasi wake. Angekataa kwa sababu hiyo ningemuunga mkono. Lakini yeye hatetei faragha ya farasi, anatetea lori.

Sasa wewe. Unalaumu chipu, unalaumu simu, unalaumu mdomo uliotangulia. Chipu haijamdanganya mtu. Aliyesema "ndiye" ni wewe, tena kwa mjane aliyekuuliza wewe kwa sababu jibu la tajiri wako halikumtosha.

Leo hii mwambie Mzee kwamba unakwenda. Usimwombe ruhusa, mwarifu. Namba ya chipu usiiharibu wala usiitunge. Kesho asubuhi panda treni uende kwa Mama Hemal mwenyewe, usitume ujumbe wa simu, na kabla chai haijamiminwa sema, "Mama, siye yule. Nilikudanganya." Mambo ya Mzee usiyatie hapo. Kisha nyamaza, jambo ambalo kwa barua hii naona halikujii kwa urahisi. Akitaka farasi mwingine, ni haki yake. Akimtaka huyu huyu, kampige brashi. Kuhusu kazi, Mzee anayekuhitaji useme uongo Alhamisi atakuhitaji zaidi ushike farasi Jumamosi.

Na kama unachoogopa ni kumvunja moyo mama wa watu, rudia kusoma barua yako, pale alipokuja na picha. Ameitazama picha hiyo miaka ishirini na saba. Sikio la farasi likishakatika, halioti tena.

Bi Haika