Walionyamaza Wamehesabiwa Ndiyo

Dar es Salaam, 19 Aprili 2003

Mwanangu Twaha,

Salamu nyingi sana. Sisi wazima, ukiacha goti langu na matope ya masika. Wewe na joto la Muskati mnaelewana? Unakula lakini?

Basi, salamu zimeisha, sasa nina hasira. Leo sokoni, pale kwenye viungo, Rekha amenipita hata kunitazama hakunitazama. Rekha huyu huyu niliyecheza naye rede uani kwetu! Nikamshika mkono, akauvuta. "Niache, Fatuma. Si umeshanipigia kura nitolewe?"

Nimekwenda moja kwa moja intaneti kafe, nikafungua ule ukumbi wetu wa mtandaoni wa watu wa mtaa. Nikaikuta hoja ya Seifu: asiye na nyumba mtaani atolewe ukumbini. Imepita, na Rekha katolewa kwa sababu nyumba yake iko Upanga. Na kwenye majina ya waliokubali, mimi nimo! Nani kaniandika? Hoja yenyewe ndiyo naiona leo. Jangwani ilifurika, nguzo za umeme zikaanguka, kafe zote za huku zilikuwa giza wiki nzima. Wewe ndiye msimamizi wa ukumbi. Haya, nijibu.

Shangazi yako,
Fatuma


Muskati, 20 Aprili 2003

Shangazi, shikamoo.

Pole sana na goti. Mimi mzima, nakula, usiwe na wasiwasi.

Wallahi hakuna aliyekuandika kwa hila. Ni sheria yetu wenyewe wanachama, tuliipitisha mwaka jana. Mtu analeta hoja, inakaa siku saba. Anayekubali anaandika ndiyo, anayekataa anaandika hapana, anayenyamaza anahesabiwa amekubali. Bila hivyo hakuna ambalo lingepita, watu wetu wavivu kujibu, unawajua. Hata kwenye posa, mwari akinyamaza si wazee husema ameridhia?

Seifu alikerwa na Rekha alivyompinga kuhusu nyumba za mtaani kuuzwa zijengwe maghorofa. Lakini ana haki ya kuleta hoja kama mwanachama yeyote. Limeshapita, shangazi. Usiumize kichwa.

Mwanao,
Twaha


Dar es Salaam, 22 Aprili 2003

Twaha,

Marahaba. Goti liache.

Posa? Umenitajia mimi posa? Baba aliponiuliza habari ya Fikirini nilinyamaza kwa woga. Nilikuwa nimeuma upindo wa kanga nisilie mbele ya watu. Wazee wakasema mtoto karidhia, wakasoma fatiha. Yule mwanamume alinipiga miaka minne! Usinirudie tena na maneno ya kunyamaza ni kukubali, umenisikia?

Na nilipomkimbia na kanga niliyojifunga, kwetu wakanifungia mlango, eti rudi kwa mumeo. Aliyenifungulia ni Rekha, na mama mkwe wake amenuna jikoni. Leo Rekha si mtu wa mtaa! Yeye anatoka Upanga kwa miguu kuja kununua mchicha Kariakoo. Wewe uko Muskati, Seifu yuko Dubai, ndio ninyi watu wa mtaa? Hamna haya! Alikuwa anatutetea sisi tunaolala kwenye nyumba hizi ambazo Seifu anataka kuzibomoa kwa simu. Na mimi mkaniweka upande wa Seifu.

Futa jina langu. Ifute na hiyo sheria. Nikitoka hapa kafe naenda Upanga kubisha hodi kwa Rekha. Akinifungulia nitakuandikia. Asiponifungulia sina la kukuandikia.

Shangazi yako,
Fatuma


Muskati, 30 Aprili 2003

Shangazi, shikamoo.

Goti linaendeleaje? Mimi chakula hakipandi.

Siku ile ile niliyopata barua yako nilileta hoja mbili: Rekha arudi, na anayenyamaza asihesabiwe popote. Seifu ameandika hapana, na matusi juu. Kijakazi ameandika ndiyo, Bhargav ameandika ndiyo, na wengine wengi ambao mwanzo walikuwa kimya, kumbe nao hawakujua wamehesabiwa. Zimepita. Jina lako nimelifuta, na Rekha nimemwandikia kwamba hukupiga kura atolewe, kosa ni langu. Nafasi yake ipo wazi. Hajaingia.

Nilikosa adabu kukutajia posa. Nisamehe, shangazi. Nijibu hata neno moja.

Mwanao,
Twaha


Muskati, 7 Mei 2003

Shangazi, shikamoo.

Leo siku ya saba tangu nikuombe msamaha. Kwa sheria yangu ya zamani ningeshaandika kwamba umenisamehe. Sithubutu.

Rekha hakukufungulia, eh?

Shikamoo, shangazi.

Mwanao,
Twaha