Sauti Moja Nyuma ya Goli

Nyuma ya Soko la Bantama,
Kumasi.
Jumapili, 5 Novemba.

Mpendwa Mjomba Oppong,

Hujambo na baridi ya Casablanca? Goti lako limekubali kupanda ngazi za hiyo nyumba yako, au bado unazipanda kwa kushika ukuta? Kofia ya sufu uliyompa yule mwanafunzi wa Sunyani ilifika salama. Mama anaivaa hata jikoni, na jua lote hili, na ukimwambia aivue anasema kaka yake hakuituma ikae kabatini.

Sisi huku ni wazima. Macho ya Mama yanamsumbua jioni, lakini fufu, ugali wetu wa kutwanga, anaigeuza mwenyewe kwenye kinu wala hataki msaada. Mimi nipo na viazi vikuu vyangu sokoni. Mvua zimekataa kuisha, na njia ya nyuma ni tope tupu.

Katika barua yako ya mwisho uliandika kwamba mpira umewaachia vijana. Nimekusikia. Hata hivyo barua hii ni ya mpira, Mjomba, na mwishoni nina jambo la kukuomba. Si dogo, kwa hiyo kaa chini.

Tweneboa wameingia fainali ya Klabu Bingwa Afrika. Timu yetu ya Bantama, ile uliyotuacha nayo ikichezea kiwanja cha vumbi. Na golini anasimama mpwa wako Ntim, mdogo wangu, aliyekuwa akivunja vyungu vya Mama kwa machungwa. Hajakosa mechi hata moja msimu huu.

Nikueleze tulivyofika hapo, maana karibu tukwame, na aliyetaka kutukwamisha ni mtu wa damu yako.

Robo fainali tulicheza na timu ya Bouaké. Marudiano yalikuwa hapa Kumasi. Kipa wao alikuwa na taulo la manjano, amelitundika kwenye wavu. Kila akijifuta uso, mpira unagonga mwamba. Mara ya kwanza watu wakacheka. Mara ya pili wakanyamaza. Unawajua watu wetu na uchawi wao wa kamati ya ufundi. Basi kaka yako, Mjomba Boakye, mwenyekiti wa tawi letu, mtu mzima mwenye mvi na wajukuu, akakunja kitambaa chake begani, akaruka uzio, akalichomoa lile taulo na kukimbia nalo uwanja mzima. Polisi nyuma yake, refa anapiga filimbi, uwanja unamshangilia kama yeye ndiye kafunga.

Tulishinda, ndiyo. Usiku ule wazee wa tawi walilikung'uta taulo sebuleni kwetu wakitafuta hirizi. Hakukutoka kitu. Mama akalinusa akasema, "Hii ni sabuni. Kijana wa watu anatoka jasho, na nyinyi mmemwibia taulo."

Nililifua, nikampa dereva wa lori la vitunguu anayekwenda Bouaké alirudishe. Lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Shirikisho la mpira la Afrika likatoa adhabu yake: mechi yetu ya nyumbani inayofuata ichezwe bila mtazamaji hata mmoja. Na mechi hiyo ni marudiano ya nusu fainali.

Huko kwenye nusu fainali ya kwanza, Enugu, tulikuwa tumefungwa moja bila. Sasa tuje kulipa nyumbani, kwenye uwanja mtupu. Sokoni watu waliacha kumsalimia Mjomba Boakye. Muuza samaki mmoja alikuwa akimwona anapita, anaita kwa sauti, "Mzee, nina taulo hapa, hutaki?" Yeye aliinamisha kichwa na kupita. Mimi pia nilimkasirikia, sikufichi. Alijiuzulu uenyekiti bila kuambiwa.

Alhamisi kabla ya mechi Ntim alipewa ruhusa aje kula nyumbani. Akamega tonge moja, akaacha. Nikamuuliza kulikoni, anaumwa?

"Siumwi, Dada. Juzi tulifanya mazoezi pale uwanjani, hamna mtu. Nikisimama golini nasikia magoti yangu yanavyogongana."

"Basi vaa soksi nene."

"Usinitanie. Mimi bila watu sijui nisimame wapi. Nyinyi mkiimba ndiyo najua mpira uko hai."

Alisema hivyo akaondoka, na supu ya karanga ikabaki bakulini. Mama akalifunika. Mimi nilitoka nikaenda moja kwa moja kwa wanawake wa tawi, maana nyimbo za Tweneboa mimi ndiye ninayezianzisha. Nikawaambia: tumekatazwa kuingia, hatujakatazwa kuimba.

Barabara zote za uwanja zilifungwa na polisi. Lakini unakumbuka yadi za maseremala kule Anloga? Kutoka pale juu ya marundo ya mbao, ukuta wa uwanja unauona, ingawa ndani huoni kitu. Maseremala wakakubali. Jumapili wanawake walitoka kanisani na nguo zao nyeupe, wakaja hivyo hivyo na kupanda juu ya mbao. Kiongozi wa kwaya ya Wamethodisti alikuja na kiti chake. Wanaume wakaleta ngoma.

Niliweka sharti moja: redio hakuna. Walinipigia kelele. Mama Konadu, anayeuza nyanya jirani yangu, ndiye alikuwa mkali kuliko wote.

"Serwaa, unataka tuimbe kama vipofu? Hata matokeo tusijue?"

"Ndiyo. Tukifungwa na ukasikia, utaimba?"

"Nitaimba."

"Muongo. Tulipofungwa Enugu ulilala siku mbili, nyanya zikakuozea."

Watu wakacheka, na yeye mwenyewe akacheka, akakabidhi redio. Nilizikusanya zote kwenye kapu nikalifungia kwenye chumba cha randa.

Mjomba Boakye alikuja wa mwisho. Alisimama chini, hakupanda. Hakuna aliyemwita. Nilimtazama mzee wa watu na kitambaa cha msiba begani kama aliyefiwa, nikaona hapana, huyu ndiye anayejua kupiga ngoma kuliko wote, na leo si siku ya kununa. Nikamwambia, "Mjomba, panda. Tunaanza na wimbo wa kinu."

Wimbo wa kinu ni ule ule wa Bibi, Mjomba. Ule uliokuwa ukitwanga nao fufu, wewe umeshika mchi, Mama ameweka mkono ndani anageuza. Ngoma ni mchi, sauti zetu ni mkono unaogeuza. Ukikosea mapigo, mwenzako anaumia vidole. Ntim amekua na wimbo huo masikioni, ndiyo sababu niliuchagua.

Tuliimba. Kipindi cha kwanza kikapita, hatujui kitu. Mapumziko tulikunywa maji, tukaendelea. Kutoka ndani tulisikia filimbi tu, na mara mbili kelele ndogo ambazo hatukujua ni za benchi la nani. Kuna waliotaka kukimbilia kapu la redio. Nilisimama mlangoni mwa chumba cha randa huku naimba, na hakuna aliyenisogelea, ndipo nikapanda tena juu ya mbao.

Mechi inakaribia kwisha, mchi ukakosea. Mapigo mawili matupu. Nikageuka. Mjomba Boakye ameganda, mikono iko hewani, na sikio limelalia bega. Kumbe chini ya kile kitambaa alikuwa na redio yake, ile ndogo ya mkononi. Baada ya yote aliyotufanyia, na hii tena. Uso wake ulikuwa kama majivu. Waimbaji wakamwona, na sauti zikaanza kudondoka moja moja, hadi Mama Konadu akakaa chini na kujifunika uso.

Sikujua amesikia nini, na nilijizuia kumuuliza. Nilichojua ni kwamba mkono ukiacha kugeuza, fufu imeharibika. Basi niliendelea. Kwa muda fulani, Mjomba, nilikuwa naimba peke yangu juu ya mbao za watu, machozi yananitoka, na sikuacha. Halafu Mjomba Boakye akaupokea wimbo. Akaitupa redio kwenye maranda ya mbao, akapiga ile ngoma mpaka ngozi ikapasuka upande mmoja. Na wengine wakarudi.

Tulishinda mbili bila. Tuliambiwa na askari wa farasi aliyekuja mbio hadi yadini, kofia mkononi. Sitakueleza vurugu iliyofuata. Kiti cha mwimbishaji wa Wamethodisti hakijaonekana mpaka leo.

Ntim alifika nyumbani jioni. Hakunisalimia, aliniuliza kwanza, "Nani alikosea ngoma?"

Nikamwambia ni Mjomba Boakye, alikuwa na redio.

"Nilijua," akasema. "Watu wa Enugu walikuwa wamepewa penalti. Wangepata lile bao moja tu, wamepita kwa bao la ugenini. Mpira umewekwa, refa ananiangalia, mara ngoma ikakatika. Nikajua kuna mtu amesikia. Nikasema basi, hata nyinyi mmekata tamaa. Halafu nikakusikia wewe."

"Ulijuaje ni mimi?"

"Uwanja mtupu, Dada. Sauti moja inatosha. Tena wewe unavuta pale Bibi alipokuwa akivuta. Nikaruka upande wa sauti."

Upande wa sauti. Aliudaka mpira, na jioni ile akala fufu yake yote na ya Mama pia.

Sasa ombi langu. Fainali ya kwanza ni hapa kwetu tarehe 26, na adhabu imekwisha, tutaujaza uwanja mpaka ukuta ulie. Marudiano ni huko kwako Casablanca, Jumapili ya tarehe 17 Desemba. Hakuna mtu wa tawi atakayeweza kufika. Ndege itabeba wachezaji, viongozi na daktari, basi. Watu wote uwanjani watakuwa wenyeji wako, na Ntim ameshasikia jinsi wanavyozomea. Hasemi, lakini ameanza tena kuacha chakula.

Kwa hiyo utakwenda wewe.

Najua ninachokuomba. Najua huko wewe ni mgeni, na kiwanda cha samaki unachofanyia kazi ni cha watu wanaoishabikia hiyo hiyo timu. Uliwahi kuniandikia kwamba umejifunza kukaa kimya ndiyo maana umedumu. Usivae rangi zetu, vaa koti lako la kawaida. Usigombane na mtu. Wakikutazama, watabasamie. Kaa nyuma ya goli lolote, Ntim atakufikia mwenyewe wakibadilishana upande. Na usiseme huna sauti. Mama anasema ulikuwa na sauti ya mbuzi hata ujanani, na fufu ililainika vilevile.

Utauanza wimbo wa kinu, na hutaacha. Hata wakifunga, Mjomba. Hasa wakifunga. Ntim nimeshamwambia kwamba utakuwepo. Sikusubiri jibu lako kwa sababu jibu lolote zaidi ya ndiyo sitalipokea, na yeye baada ya kuambiwa amerudi mezani kula.

Mama anakusalimu sana, anasema uvae soksi. Konadu wa nyanya anakusalimu, anakuuliza kama umeshaoa ili aache kusubiri. Dada yako mdogo Afriyie amejifungua salama huko Mampong, mtoto wa kiume, wamempa jina lako. Wote tunakuombea, Mungu akulinde safarini na kazini, akakufikishe kwenye kile kiti nyuma ya goli ukiwa na pumzi ya kutosha.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye na kukutegemea,

Serwaa

Nyongeza: Mjomba Boakye amesimama nyuma ya kiti changu, amesomewa yote, na hakubisha hata neno moja. Ila anasema nisifunge bahasha kabla ya kukuandikia hili kwa niaba yake: taulo la kipa wao usiliguse, hata likianguka miguuni kwako.