Mtazame Leonsia Akiinuka

Hospitali, Ifakara

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Mama umfikishie shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma. Je, kifua chake kimetulia na baridi ya huko Mahenge? Mimi uzima nilio nao ni wa kula na kusema tu. Mengine nakueleza hapa, na nakuomba usome hadi mwisho hata ukikasirika.

Nilikuficha, Baba. Tangu mavuno yaliyopita sibebi tena magunia kwenye mashine ya mpunga. Miguu ilinikatalia. Mara ya kwanza nilianguka na gunia mgongoni, watu wakacheka wakidhani nimelewa, nami nikacheka nao. Mara ya tatu hakuna aliyecheka. Mwenye mashine akaniambia nisirudi, ndipo nikaja hospitali.

Hapa yupo Sista ambaye kazi yake ni kuwapima na kuwafundisha mazoezi watu waliolegea misuli. Ana utepe kama wa fundi cherehani, anapima paja langu na kuandika. Kisha ananiketisha kwenye kigoda, anashika saa, anasema, "Inuka, keti, inuka," huku anahesabu mpaka dakika iishe. Siku ya kwanza niliinuka mara tisa. Akanipangia kunyoosha magoti mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, halafu nilale nipumzike. Nipumzike, Baba! Mwanao mimi, nilale mchana kama mwanamke aliyejifungua jana! Nikakumbuka unavyotuambia siku zote kwamba mwili unaponywa na kazi. Nikaona Sista ananidekeza.

Basi nikafanya ujinga wangu. Kila alipokwenda kanisani nilijikokota mpaka nyuma ya jiko, wanapotwanga mpunga wake za wagonjwa, nikaomba mchi. Mama mmoja kutoka kijiji cha Mbingu akaniuliza, "Kaka, kwenu wanaume ndio wanaotwanga?" Nikamjibu kwamba kwetu wanaume hurudi nyumbani kabla ya kupanda, na mimi ndivyo nitakavyorudi. Nilitwanga wiki tatu, mapaja yakitetemeka, nikidhani najenga nguvu.

Ijumaa Sista akanipima tena. Niliinuka mara nne. Ya tano nilishika magoti, nikashika mapaja, nikajipandisha kwa mikono kidogo kidogo kama mtu anayekwea mti. Sista akaweka saa chini.

"Umefanya nini, Severini?"

Nikamwambia. Hakunigombeza, na hilo liliniuma kuliko kama angenigombeza.

"Misuli ya mtu mwenye afya ukiichosha inarudi na nguvu," alisema. "Yako ukiichosha hivyo hairudi. Mazoezi yako ni kidogo kidogo, na kupumzika ni sehemu ya dawa."

Nikamwuliza lini nitazipata zile tano zilizopotea. Akasema hawezi kunidanganya.

Halafu akataka kujua kama nyumbani yupo mwingine aliyekuwa akiinuka hivyo. Nikamsimulia yaliyonijia machoni. Nilimwona Kaka Longino akijipandisha kwa mikono kutoka kwenye tuta, nawe umesimama na fimbo, unamwita mvivu na kumwongezea kipande cha kulima. Mimi nilikuwa pembeni nikimcheka. Alilima mpaka akawa hawezi kuinua kijiko, tukamzika tukisema karogwa. Sista anasema ugonjwa huu unatembea katika ukoo, ungemfikia tu, lakini jembe liliuharakisha. Sitarudi kupanda, Baba. Sidhani hata kama nitauvuka mto ulio kati yetu kwa miguu yangu mwenyewe, na tumaini nililokuwa nalo limekwisha.

Ila katika barua yako umelalamika kwamba Leonsia amekuwa mzito, anaangusha debe la maji, na kwamba umemwongezea shamba ili achangamke. Baba, nakuomba kwa magoti haya yasiyopiga tena magoti. Mketishe mdogo wangu kwenye mkeka, mwambie ainuke. Usimsaidie wala usimharakishe. Akisimama moja kwa moja, basi ni uvivu wa kisichana, mgombeze upendavyo. Lakini akishika magoti, kisha mapaja, mnyang'anye jembe siku hiyohiyo, umlete kwa Sista kabla mto haujafurika. Yeye bado ana nguvu za kulindwa. Na usimpige, hata kwa neno.

Nisalimie Shangazi anayetusukia mikeka. Mwalimu wa dini aniombee. Shemeji yangu, mjane wa Kaka Longino, mwambie namwomba radhi kwa kile kicheko changu. Mama usimsomee yote.

Wala usihangaike kunipa pole, kwa kuwa hali yangu naijua. Niandikie jambo moja tu: mikono ya Leonsia ilishika wapi.

Mimi mwanao,
Severini