Jina la Masanja Kwenye Mashine

Mpanda Mjini

Dada yangu mkubwa Kabula,

Shikamoo dada. Mwangaluka. Goti lako linasemaje siku hizi, na hao ng'ombe wamepata majani? Mimi niko mzima kabisa, meno yote yapo isipokuwa manne. Barua hii naandika kwa mkono wangu, sikuandikiwa na mtu. Herufi zikipinda, ni kalamu mbaya.

Bado ni tarishi pale ofisini, wanapoandikisha watu wa vijiji. Sasa wameleta kompyuta, na aliyeibeba kutoka stesheni ni mimi na uzee huu, vijana walikuwa wanaangalia tu. Imekuja na fundi wa kike, anaitwa Neema. Anahamisha majina kutoka kwenye madaftari: walio hai wana faili lao, marehemu wana lao.

Mashine hiyo naijua sasa kuliko karani. Kila faili lina namba tatu, moja ya mwenye faili, moja ya wenzake wa kazi, moja ya watu baki. Ni kama zizi letu tu: baba anaingia na kutoa ng'ombe, ndugu anaruhusiwa kukamua, mpita njia anachungulia. Sita ni kusoma na kuandika, nne ni kusoma tu. Programu aliyoitunga Neema ikishaandika jina la marehemu, inageuza yenyewe namba zote ziwe nne. Hapo hafuti mtu, hata bosi.

Siku ya kuijaribu akaniita. "Babu, nipe jina lolote la marehemu."

Karani akacheka, "Huyu atakupa jina lake mwenyewe."

"Wewe nyamaza," nikamwambia. "Mimi nina majina mpaka mashine ishibe!"

Na dada, mdomo ukanitoka: Masanja Ng'wandu. Mdogo wetu aliyepotea. Mtu ambaye hatujaona kaburi lake, hatukunyoa nywele za msiba, na wewe kila asubuhi unamjazia maziwa kwenye kibuyu chake. Kwetu jina kama hilo halitajwi pamoja na waliokufa, na mimi nimelitaja kwa majigambo. Neema akabonyeza. Herufi za kijani zikasimama kwenye kioo cheusi, na mashine ikasema imefunga.

Tangu siku hiyo nasikia mluzi. Ni mchana kweupe, jenereta likizimwa watu waende kula. Unatoka nyuma ya chumba cha madaftari, mrefu, mrefu, halafu mfupi unaokatika. Mluzi wa Masanja akiita ng'ombe. Siku ya kwanza nikasema ni wachungaji, nikatoka: uwanja mtupu, hata mbuzi hayupo. Siku ya pili nikasikia na kengele ya ng'ombe. Nilimuuliza karani kama amesikia, akasema, "Mzee, wewe masikio yenyewe hayasikii nikikuita, utasikia kengele?"

Nikaenda kwa Neema nikamwambia futa. Akasema, "Hilo faili ni langu babu, anayeweza kurudisha namba ni mimi tu. Lakini programu inajua kufunga, sikuifundisha kufungua." Akaongeza mistari ndani ya programu, jasho linamtoka, mara mbili ikamkatalia. Ya tatu ikakubali. Namba ya mwenye faili ikarudi sita. Akaweka kidole juu ya jina, akaniangalia.

"Nifute, babu?"

Dada, nilishindwa kusema ndiyo.

Sasa sikiliza, maana hili sikuwahi kukuambia. Niliwaambia nyie kwamba Masanja alipitia njia yake mwenyewe. Si kweli. Tulipokuwa tunahama na ng'ombe, yeye alitaka tuzunguke na barabara kubwa. Mimi nikasema naujua msitu, nifuateni. Mtamba mmoja akabaki nyuma, Masanja akarudi kumtafuta. Watu wakasema tumsubiri. Nikasema atatukuta. Nikasikia mluzi wake ule ule, mara mbili, nyuma yetu kwenye miti. Sikugeuka. Niliona aibu watu wajue kwamba njia yenyewe imenipotea.

Kwa hiyo jina hilo halikunitoka kwa bahati mbaya. Ninajua liko upande gani tangu siku ile.

Neema amesema ataliacha wazi mpaka mwisho wa mwezi, kisha programu itafunga na yeye ataondoka. Barua hii anakuletea Mayunga, mfanyabiashara wa ng'ombe, na atarudi kabla ya hapo. Mimi siwezi kuamua, namba yangu hapa ni ya mtu baki. Wewe ndiye mkubwa wetu, kaa na Shija, mke wa Masanja, aliyemngoja mpaka nywele zikawa nyeupe. Mwambie niliyoyasema, yote, usinifiche. Mkisema afutwe, nitamwambia Neema afute, na nitaendelea kusikia mluzi. Mkisema abaki, nyoeni nywele, kipindueni kibuyu, na mimi nitakuja kunyolewa mbele ya watu.

Nisalimie wifi yako Shija, kama atapokea salamu zangu. Nisalimie mjomba mpiga ngoma, na yule mtoto wa mwisho wa kaka anayenifananisha na fahali.

Leo mchana mluzi umekuja tena. Nimegeuka, dada. Nimeuitikia.

Mdogo wako mkaidi,
Nkwabi