Jezi Mbichi Kwenye Nguzo za Mama

Alhamisi, jioni. Upepo umevuma tangu asubuhi, ule wa vumbi jekundu unaoingia mpaka kwenye sufuria iliyofunikwa. Mwanangu Nyemo amelala. Mimi moyo haujatulia.

Shajara yangu, leo nimeogopa. Na sijui kama nilichoogopa ni kitu kibaya.

Unajua kazi yangu. Nafua jezi za timu ya mpira ya klabu yetu, naanika pale pale uwanjani, kwenye kamba iliyofungwa kati ya nguzo mbili za chuma. Nguzo zenyewe ni za netiboli. Pete bado zipo juu, zimeota kutu. Miaka mingi hakuna mwanamke aliyecheza pale.

Mama yangu alikuwa mfungaji wa timu ya netiboli ya klabu. Alifariki nikiwa na mimba ya Nyemo, hawakuonana.

Upepo ukivuma, jezi zinajaa. Zinapata vifua na mabega, zinageuka zote pamoja kama watu walioitwa. Ndiyo maana huwa naanika nikiangalia chini.

Leo niliinua macho. Nyemo alikuwa chini ya pete, mikono juu, vidole vimefunguka, anasubiri pasi. Mtoto wa miaka mitatu, netiboli hajawahi kuiona hata kwenye simu.

"Unafanya nini, mama?" nikamuuliza.

"Bibi anarusha."

Beseni lilinitoka mkononi.

Nilikuwa bado naokota jezi zilizoanguka vumbini, katibu wa klabu akanijia. Ni kijana wa ofisini, si mtu mbaya. "Mama Nyemo, kesho fundi wa kuchomelea anakuja kukata hizi nguzo. Tunatengeneza benchi la wachezaji wa akiba. Utafute pa kuanika."

"Katibu, lakini hizi ni za netiboli."

"Netiboli ipi tena, dada yangu? Hii klabu ya mpira. Historia si hiyo ukutani, kasome."

Nikaenda kusoma. Mchoraji alikuwa anamalizia mstari wa mwisho, rangi mbichi. Imeandikwa klabu ilianza na timu ya mpira, na rangi ya jezi, zambarau, ilichaguliwa kwa sababu ya zabibu za Dodoma. Ngumi, ambazo klabu ilikuwa nazo zamani, hazimo. Riadha haimo. Mama hayumo.

Mimi ni wa darasa la saba. Nani angenisikia nikibishana na ukuta?

Nikamshika Nyemo mkono, nikaenda getini kwa Mama Tabu. Anauza zabibu pale, na alicheza timu moja na mama. Nilimpa shikamoo, nikamweleza yote, hata la Nyemo. Kwa la Nyemo, alimpa tu mtoto zabibu. La ukuta lilimpandisha hasira.

"Zabibu gani! Zabibu hizi ninazouza mimi? Ile zambarau ni kitambaa cha majoho ya kwaya! Kilibaki, tukashona sketi zetu za netiboli. Wanaume walikuwa hawana hata timu, wanapigana ngumi tu na kukimbia. Walipounda hiyo timu ya mpira wakaalikwa kucheza Kibakwe, kila mtu na fulana yake kama wako mnadani. Tukawahurumia. Mama yako ndiye aliyeshika mkasi wa kwanza, akakata sketi yake ishonwe jezi, nasi tukafuata. Mechi iliyofuata tulicheza tumejifunga khanga, watu wakatucheka mpaka basi."

Akacheka mwenyewe. Halafu akafuta macho kwa kona ya kitenge.

Kumbe miaka yote hii nafua sketi ya mama.

Kila nikifua jezi mpya maji yanatoka zambarau, nayamwaga tu kwenye mchanga, sijui namwaga nini.

Nilirudi uwanjani jua likiwa linashuka. Jezi zilikuwa zimekauka, za kukunja. Nikazitazama kwa mara ya kwanza usoni, zimevimba, zinaning'inia kati ya nguzo zile. Nikasema kwa sauti, peke yangu, "Haya mama, nifanye nini?"

Wazo likaja.

Kwenye klabu yetu jezi haianuliwi ikiwa mbichi. Ni mkosi. Mwaka jana golikipa aliivuta yake ina maji, tukafungwa tano, na mpaka leo anaitwa Mbichi. Hata katibu, pamoja na usomi wake, siku za kuelekea mechi anapita mbali na kamba. Na mechi ni Jumamosi.

Kwa hiyo nimezirudisha zote kwenye maji.

Kesho, fundi akifika, atakuta jezi zinachuruzika kwenye nguzo hizo hizo. Nani atathubutu kufungua kamba? Zikikauka, naloweka tena. Nataka nguzo zifike Jumamosi zimesimama, maana siku hiyo wanachama wote watakuwepo, na Mama Tabu ameapa kuja na wenzake wa netiboli waliobaki, waseme wenyewe mbele ya ule ukuta. Huenda wakachekwa tena. Huenda nikafukuzwa kazi. Lakini nawaza wasichana wa mtaani kwetu chini ya pete zile, na Nyemo akikua awe mmoja wao.

Sasa hivi namtazama. Mikono ameinua juu ya mto, vidole vimefunguka vilevile. Nimezima feni nikidhani ni baridi. Mikono hajaishusha.

Mama, kama ni wewe, mrushie taratibu. Bado mdogo.